Mashine Itasema

Jumamosi, 24 Mei 2014

Nimerudi Tunduma sasa hivi, vumbi la barabara ya Mpemba mpaka kwenye meno. Baraza la kata limeahirisha shauri letu. Tena! Tarehe mpya ni 9 Julai.

Ipyana, aliyetushtaki, alisimama mbele ya wajumbe, mpole, kofia mkononi, akasema shamba letu la kijitoni ni la mama yake, Anyosisye. Eti mama yake alikuwa mjane, mwaka themanini na sita akahamia Chitipa, ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zake, na kabla ya kuondoka alikwenda misheni akaandikisha shamba lake. Aliyemwandika ni karani Timotheo. Baba yangu! Daftari la misheni lililiwa na mchwa zamani, kila mtu anajua. Lakini Ipyana anadai karani aliandika pia kwenye mashine, na mama yake aliliona jina lake likitokea kwenye kioo.

Watu wakacheka. Mashine, kijijini Ibaba, mwaka themanini na sita? Mimi sikucheka. Mashine ilikuwepo. Kompyuta ndogo yenye vitufe vya mpira, wazungu wa misheni walimwachia baba walipoondoka. Ninayo mimi, imekufa, iko chini ya meza yangu ya kazi; mwezi mzima nasubiri bodi niliyoiagiza ya kuifufulia.

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nilisimama nikasema mbele ya kata nzima: mimi Ferista ni fundi, mashine ya baba ninayo, kanda alizohifadhia ninazo, nitaifufua na nitaileta hapa. Mashine itasema shamba ni la nani! Mwenyekiti akaandika. Sasa imeandikwa.

Nilidhani Mama atafurahi. Alinitazama kama anayemwona mtoto anakimbilia barabarani. 

Anaogopa, namwelewa. Mama, mdogo wangu Lusubilo na watoto wake sita wote wanaishi kwa lile shamba. Kahawa pale, maharage pale, maji pale. Huku juu kwenye nyumba ni mawe na upepo. Na kaburi la baba liko katikati ya shamba. Kwetu kaburi ndiyo hati. Sasa huyu wa Chitipa atuambie nini?

Jumanne, 27 Mei

Bodi imefika! Ashraf, wakala wa mizigo hapa mpakani, ameitoa upande wa Nakonde ilikolala siku kumi na mbili. Watu wa forodha walimwuliza ni kitu gani. Akasema vipuri vya redio. Hakudanganya sana.

Mwanamvita wa kibanda cha pili, anayeuza vitenge, alikuja kuchungulia. Akauliza kama hicho kipande ndicho kompyuta niliyoililia mwezi mzima. Nikamweleza. Kompyuta ya baba haitengenezeki — chipu yake kuu imekufa na kiwanda kiliacha kuitoa kabla sijavunja ungo. Hii bodi chipu yake ni tupu. Haijui kazi yoyote. Ukiiandikia iwe saa, inakuwa saa. Ukiiandikia iwe kompyuta ya mwaka themanini na nne, inakuwa hiyohiyo, waya kwa waya.

Akasema: "Yaani unaivalisha nguo za marehemu."

Nilicheka. Alipoondoka sikucheka tena.

Ziko programu za bure za kuiga mashine za zamani kwenye laptop, najua, vijana wa Mbeya wamenitajia. Hazinisaidii. Baba aliongeza kadi yake mwenyewe ya kuhifadhia kwenye kanda za redio, aliiunga kwa mkono wake, na hakuna mtu duniani mwenye mchoro wake ila mimi. Uko kwenye daftari lake, kwa penseli, msafi kama kitabu cha shule.

Alhamisi, 5 Juni

Siku tisa nimeandika msimbo na kufuta. Nikimaliza kuandika laptop inaanza kuyageuza maandishi kuwa mzunguko wa umeme. Mimi naita kupika. Inapika saa nzima. Leo dakika ya hamsini umeme umekatika! Umeme wetu unatoka ng'ambo ya mpaka, ukiyumba huko, ninayelia ni mimi huku.

Nimesoma daftari la baba ukurasa kwa ukurasa. Pembeni ameandika, akapigia mstari mara mbili: *Karani hana nakala moja.* Ndivyo alivyokuwa. Kila kitu na karatasi ya kaboni. Mama alishatusimulia kwamba hata barua ya posa aliiandika nakala mbili, moja akabaki nayo.

Mama amenipigia mara tatu wiki hii. Mama, ambaye siku zote anabipu! Kila mara swali moja: umefikia wapi. Leo nikamwambia nimekaribia.  Akasema: "Usijiumize, mwanangu. Ikishindikana, imeshindikana."

Sijawahi kusikia Mama akimwambia mtu maneno hayo. Huyu ndiye aliyenirudisha darasani nikiwa na malaria.

Jumapili, 15 Juni

IMEAMKA!

Saa nane mchana, tivii ikawa nyeupe, kisha kile kialama kidogo kikaanza kuwaka na kuzima kwenye kona, kama nilivyokuwa nakiona nikiwa na miaka kumi nimekaa mapajani kwa baba. Nimelia peke yangu dukani, watu wote wako kwenye mpira. Nikaandika TIMOTHEO. Ikanijibu kwamba haielewi. Sawa. Haielewi. Ni chipu tu, Ferista, jikaze.

Sasa kanda. Ziko nne kwenye kopo la biskuti. Tatu zina kwaya. Mama alikuwa katibu wa kwaya na kanda zilikuwa adimu miaka ile. Za baba zikisikilizwa kwenye redio zinapiga makelele tu, kama bati linakwaruzwa, kwa hiyo watu walidhani zimeharibika. Zikarekodiwa nyimbo juu yake. Nani wa kulaumiwa?

Ya nne ina mwandiko wa baba: MASHAMBA 1986. Vile vipande vya plastiki vya mgongoni amevivunja, ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Akili ya karani! Sijathubutu kuicheza. Utepe wa miaka ishirini na nane — kichwa cha redio yangu kimechakaa, kikiutafuna nimekwisha. Nimeagiza kichwa kipya Nakonde.

Lusubilo amepiga. Anasema Mama hali vizuri. Mchana anashuka kijitoni, anakaa kando ya kaburi, ukimfuata ananyanyuka.

Ijumaa, 20 Juni

Wageni wawili, siku moja.

Saa nne akaja Ipyana. Hapa dukani kwangu! Na kifuko cha maharage kutoka kwa mama yake. Akaketi, akaniita dada. Mama yake anasalimu, anasema nisiwe na wasiwasi, karani Timotheo alikuwa mtu mwema.  Mtu anayetaka kukunyang'anya shamba anakuletea maharage? Akauliza kanda yenyewe ni ipi. Na mimi, mjinga wa mwisho, nikamwonyesha kwenye rafu.

Saa nane akatokea Mama. Mama! Miaka minne hajakanyaga Tunduma. Kapanda lori la viazi. Nikamkalisha kwenye kigoda changu, nikamletea chai, akataka kuiona mashine. Nikamwashia. Hakuigusa. Ashraf akaniita nje kuhusu simu yake, dakika kumi hivi, niliporudi Mama alikuwa vilevile mbele ya kioo, mikono ndani ya kitenge.

Nikamwomba alale. Akakataa, eti nyumba haina mtu. Nyumba ya watoto sita!

Jumamosi, 21 Juni

Kanda hakuna.

Nimepekua rafu, makopo, taka, chini ya mkeka. MASHAMBA 1986 haipo. Zimebaki tatu za kwaya.

Nimempigia Ipyana nikamtukana matusi ambayo sitayaandika. Akasubiri nimalize. Akasema taratibu: "Dada, mimi ndiye ninayetaka isomwe."

Nikakata simu.

Mwanamvita alikuwa mlangoni, alisikia yote. Akasema jana alihesabu waliopita hapa, walikuwa wawili. Nikamwambia akilimalizia neno hilo tusijuane tena. Akarudi kwenye vitenge vyake bila kununa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Jumatatu, 30 Juni

Mfungo umeanza. Mji umetulia mchana, migahawa imefungwa nusu. Kichwa cha redio kimefika leo, kizuri, kinang'aa — sina cha kukichezea.

Nikaweka kanda ya kwaya, ya pili, upande wa pili, basi tu, kujiadhibu. Sauti ya Mama iko juu ya wote, nyembamba, ya msichana. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tano. Sala. Mtu akakohoa. Mwanaume akasema zima, zima. Kisha kikapasuka kile kimya —

Makelele. Yale ya bati!

Kwaya haikuijaza kanda. Waliishiwa nyimbo! Baada yao bado kuna mashine ya baba, dakika tano nzima. Nimezitazama zote tatu kwa taa. Hizi nazo vipande vya mgongoni vilivunjwa na baba. Karani hana nakala moja. Baba, wewe!

Lakini matundu yenyewe yamezibwa. Karatasi imekunjwa, ikashindiliwa kwa nguvu, ikabandikwa na selotepu juu, ili redio ikubali kurekodi. Kila mtu alikuwa akifanya hivyo zamani, hata mimi. Nimejiambia hivyo mara tatu leo.

Alhamisi, 3 Julai

Mara kumi na moja imekataa. Nikakigeuza kile kiskrubu cha kichwa robo mzunguko, nikasafisha kwa spiriti, nikapunguza sauti. Mara ya kumi na mbili, saa tano asubuhi, ikakubali.

Mwanzo umeliwa na nyimbo. Orodha inaanzia namba 38. Naandika kama ilivyo:

41 KIJITONI
MWENYE: ANYOSISYE, MJANE
AMEKWENDA CHITIPA NA MTOTO
ATARUDI. TUNAMTUNZIA.
KARANI T.

Nimezima. Nimewasha upya. Yaleyale.

Ijumaa, 4 Julai

Sikufungua duka jana mchana. Leo nimefungua, nikaharibu simu ya mtu.

Najua ni bodi tu. Niliiandika mimi mwenyewe, kila mstari. Ina maana inasema alichoandika baba na hakuna zaidi. Nimetafuta kosa kwenye kazi yangu, naapa nimelitafuta. Halipo. Safari hii ningefurahi kuwa fundi mbovu.

Nimemwambia Mwanamvita. Nilikuwa nimemfokea, lakini nani mwingine? Amekaa, midomo imekauka kwa swaumu, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniomba nimsomee tena lile neno, tunamtunzia. Nikamsomea.

"Hiyo ni amana, shoga yangu."

Basi. Mteja akaja, akaenda kumpimia kitenge. Nilitaka aseme kitu kingine. Nilitaka aseme mambo ya zamani yameshapita, mama yako ni mzee, Lusubilo ana watoto sita.

Naweza kusema imeshindikana. Nani atashangaa? Mashine ya miaka thelathini, kanda zimejaa kwaya. Mwenyekiti atafunga daftari, kaburi la baba litatutetea, watu watanipa pole ya jasho langu. Mama mwenyewe alishanipa maneno ya kusema.

Nimeihamishia ile orodha ya mashamba kwenye kadi ya memori. Bodi ina tundu la kadi, inasoma bila kanda. Sijui kwa nini nimefanya hivyo. Mkono ulifanya wenyewe.

Jumapili, 6 Julai

Ibaba. Baridi inauma, asubuhi majani yalikuwa meupe.

Nilifika wametoka kanisani. Redio ya Mama iko kwenye kabati, kanda ndani. Nikaitoa. MASHAMBA 1986, mwandiko wa baba. Matundu yamezibwa kwa karatasi mpya, nyeupe. Nikaicheza. Kwaya ya ibada ya leo, mwanzo mpaka mwisho. Safari hii alihakikisha nyimbo zimetosha.

Mama hakuificha. Alikuwa akipepeta maharage, akaendelea kupepeta.

Nikamuuliza kwa nini. Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti ndogo. Akasema Anyosisye alirudi mwaka tisini na moja. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Alirudi na mtoto wake, wakasimama hapo mlangoni.

"Nilimwambia hapa huna kitu. Baba yako alikuwa ndani. Alisikia yote. Hakutoka."

Ungo ukaendelea kupanda na kushuka. Nikamuuliza kuhusu kaburi. Nilikuwa najua jibu, nikauliza hata hivyo. Akasema baba aliomba alazwe hapa juu, kando ya mama yake. Mama ndiye aliyempeleka kijitoni. Alimlaza pale alinde.

Miaka kumi na sita nashuka na maua kwenye lile kaburi! Nikidhani alipapenda kwa sababu ya maji.

Nikasema ni dhambi. Ndipo alipouweka ungo chini. Akaniuliza sare zangu za shule zilitoka wapi. Chuo cha ufundi. Bisibisi ya kwanza. Eti nadhani vilitoka kwenye haya mawe? 

Kisha akauliza kwa upole kama kuna nyingine iliyobaki. Sijawahi kuweza kumdanganya Mama. Nikamwambia ipo, kanda ya pili, mwisho wa kwaya. Akaitikia kwa kichwa.

"Ilete Jumatano."

Jumatano, 9 Julai

Ofisi ya kata, benchi la nje. Saa nne kasoro. Ukungu bado, naona mpaka kwenye bendera tu. Sisi ni shauri la pili. Naandika ili muda upite.

Tivii imefungwa kwenye blanketi. Bodi iko ndani ya kopo la biskuti. Lusubilo ameazima jenereta. Halikutaka kuwaka, na aliyelivuta mpaka likawaka ni Ipyana. Ipyana! Kisha akanisaidia kubeba tivii, akauliza kama haitapata unyevu. Nimemwomba radhi ya matusi. Akasema yameisha, dada.

Lusubilo hajui kitu. Anawaambia watu kwamba dada yake ameleta ushahidi. Amevaa koti la harusi yake.

Mama yake Ipyana amekuja. Nilitarajia mtu mkubwa, sijui kwa nini. Ni mama mdogo wa umbo, koti la kiume, macho yana ukungu. Nilimpa shikamoo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaupapasa kama anaupima.

"Ndivyo vidole vya karani," akasema. "Aliniambia, mama, wino unafutika, hii haifutiki. Nimekaa na neno lake miaka ishirini na nane."

Kisha akamsalimu Mama. Kwa Kindali, lugha ya kwetu, kwa kirefu, salamu zote mpaka za mifugo. Na Mama akajibu zote, hakuruka hata moja. Wamekaa benchi moja, mimi kati.

Shauri la kwanza linaendelea ndani, mbuzi waliokula mahindi ya mtu. Watu wanacheka huko.

Mama ameniomba kanda. Amesema nipe niishike, wewe unaandika.  Nimempa. Nilijua, na nimempa.

Anauvuta utepe. Chini ya kitenge, kwa kidole kimoja, polepole, kama anayefumua sweta. Unajikusanya kwenye mapaja yake na hautoi sauti. Anajua namwona. Anyosisye haoni, anatazama ukungu, ananiuliza kama ile mashine bado ina herufi kubwa tupu. Nimemwambia ndiyo, mama, kubwa tupu.

Kadi ya memori, yenye orodha ya baba, iko mfuko wa kulia wa koti langu. Mama haijui. Sijaigusa.

Wenye mbuzi wametoka. Karani wa baraza yuko mlangoni, ameita majina yetu, lao na letu. Ipyana ameshainua tivii. Mwenyekiti anauliza kutoka ndani kama mashine iko tayari, kama itasema au haitasema.

Wote wamenigeukia. Mama pia.